Mjomba Aliyeacha Mshahara

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita huulizwa swali moja mwaka mzima, nyumbani, kanisani na hata ndani ya gari la abiria: "Ukimaliza, utafanya kazi gani?" Akijibu udaktari, watu hufurahi. Akijibu uhasibu au sheria, huitikia kwa kichwa. Lakini akisema kwamba ataka kuandika, watu hunyamaza kidogo, kisha humwuliza tena kana kwamba hakulisikia swali. Mimi nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara namkumbuka mjomba wangu, maana yeye aliulizwa swali hilo akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mwenye mke, watoto na gari. Kwa kuwa habari yake yatuhusu sisi tulio shuleni na ninyi mliotutangulia, nimeona yafaa niieleze katika gazeti letu.

Mjomba ni kaka wa mama yangu. Baba yangu alifariki nilipokuwa mdogo, katika darasa la tatu, na tangu siku hiyo mjomba ndiye aliyetulipia ada, mimi na dada zangu wawili. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima mjini Kampala tangu mwaka 2003. Alianza kama karani wa kufungua barua, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa mkuu wa idara ya madai. Kwetu kijijini, karibu na Tororo, jina lake lilitajwa kama watu watajavyo ghala la nafaka. Mtoto wa jirani akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mama yake huja kwa mama yangu jioni, akae, anywe chai, kisha aulize kama kwa bahati tu, "Je, kaka yako yuko Kampala siku hizi, au amesafiri?"

Huenda wengine hawaijui kazi ya idara ya madai. Mtu huilipa kampuni fedha kidogo kila mwaka, nayo humwahidi kwamba akipatwa na hasara iliyotajwa katika mkataba, itamfidia. Gari likigongwa au duka likiungua, mwenyewe huandika dai. Watu wa idara hulisoma dai, hutuma mkaguzi, huutazama mkataba kifungu kwa kifungu, kisha huamua kulipa au kukataa. Kampuni ikimlipa kila aombaye itafilisika, na waliobaki watakosa fidia yao. Ikikataa ovyo, huo ni wizi. Kwa hiyo kazi ile ni ya lazima, na mjomba haidharau hata leo.

Lakini kila kazi ina lugha yake. Mjomba aliniambia kwamba katika miaka kumi na tisa aliandika maelfu ya barua, na karibu zote hazikuwa na mtu ndani yake. Hakuandika, "Nimekataa." Aliandika, "Dai limekataliwa." Hakuandika, "Mume wako alikufa." Aliandika, "Tukio lililotajwa halimo katika mkataba." Makarani hufundishwa kuandika hivyo kwa makusudi, maana barua ya kampuni yaweza kusomwa mahakamani, na neno moja la huruma laweza kugeuzwa kuwa ahadi. "Mwanangu," aliniambia, "sikusema uongo. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini ukiisoma barua yote, humwoni aliyefanya wala aliyefanyiwa."

Mwaka 2022, mwezi uliofuata kufunguliwa kwa shule za Uganda, ambazo zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona tangu Machi 2020, lilimfikia faili la mjane wa utingo wa lori. Lori lilipinduka usiku, na utingo akafa. Mkataba ulimtaja dereva peke yake. Mjomba akaandika barua kama ilivyo desturi. Baada ya wiki mbili mjane akaja ofisini na barua ile mkononi. Hakuja kugomba wala kulia. Alijua Kiingereza kidogo tu, akaomba aonyeshwe mahali lilipoandikwa jina la mume wake. Mjomba akaishika barua, akaisoma toka juu mpaka chini. Nambari ya mkataba ilikuwapo, na tarehe ilikuwapo, na nambari ya lori ilikuwapo. Jina halikuwapo.

Watu wa kijijini hupenda kusema kwamba aliacha kazi siku ile ile, lakini sivyo. Alikaa mpaka mwisho wa mwaka. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kwenda kazini. Kwanza aliandika yote aliyoyakumbuka juu ya mjane yule na utingo yule. Kisha akaandika juu ya mafaili mengine, yale ambayo hakuyasahau. Aliweka akiba, akapiga hesabu na mke wake, na mwezi wa Desemba akapeleka barua ya kuacha kazi. Akapata kiinua mgongo chake, akarudisha gari la kampuni, akahama Kampala kwa sababu kodi ya nyumba ni kubwa, akarudi Tororo.

Sasa nieleze jambo ambalo waandishi wa habari kama hizi hulipita upesi. Mshahara wa mtu kama mjomba si wake peke yake. Ada yangu ilikuwa ndani ya mshahara ule, na ya dada zangu, na dawa za bibi, na chai ya wale majirani waliokuja jioni. Alipouacha, aliacha na vitu hivyo vyote. Muhula wa kwanza wa mwaka 2023 nilikaa nyumbani wiki tatu wenzangu wakiwa darasani. Dada yangu mkubwa alitolewa shule ya bweni akaingia shule ya kutwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mama aliuza ng'ombe wetu wa maziwa. Hakumlaumu kaka yake mbele yetu hata siku moja, lakini jioni ile ng'ombe alipochukuliwa hakuimba kama alivyozoea kuimba akipika. Mimi nilikuwa na hasira. Nilijiuliza, ni haki gani hii, mtu kujitafutia uhuru wake kwa ng'ombe wa dada yake?

Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ameiba, akafukuzwa. Wengine walisema amerogwa na wale waliokitaka cheo chake. Hakuna aliyesema kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kuacha meza kubwa kwa hiari yake ili akae chini ya mwembe na daftari.

Makala yake ya kwanza aliirudishiwa na mhariri wa gazeti. Aliniruhusu kuisoma, nami nikaona sababu. Ilikuwa bado barua ya kampuni: "Hasara kubwa ilitokea," "hatua zilichukuliwa." Mkono wake ulikuwa umezoea. Akaiandika upya mara nne. Ile ya tano ilikubaliwa, akalipwa shilingi elfu themanini. Ada yangu ya muhula mmoja ilikuwa laki nane. Hesabu yake ni nyepesi: makala kumi kwa muhula wa mtoto mmoja, nasi tulikuwa watatu, bila ya kuhesabu watoto wake mwenyewe. Na makala moja ilimchukua wiki tano.

Basi waliwezaje kuishi? Kwanza, mkazamjomba wangu ni muuguzi, naye hakuacha kazi. Kila asemaye kwamba mjomba anaishi kwa kalamu yafaa aongeze kwamba anaishi pia kwa zamu za usiku za mke wake. Pili, mjomba alichukua meza ndogo huko Malaba, mpakani, ambako malori ya kutoka Mombasa huingia Uganda. Siku tatu kila wiki huwaandikia watu barua na maombi, na kuwafasiria karatasi zao toka Kiingereza kwenda Kiswahili. Malipo ni machache lakini hayakauki, na haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2024 aliweza kunilipia nusu ya ada, na mama akalipa nusu kwa karanga zake. Ng'ombe bado hajarudi.

Wakati wa likizo nilikwenda kumsaidia katika meza ile, nikajifunza kitu ambacho hakikuwamo katika vitabu vyetu vya insha. Alinipa kila alichokiandika nimsomee kwa sauti. Kila sentensi iliyokuwa haina mtu, alinikatiza kwa neno moja tu: "Nani?" Nikisoma, "Bei ya mahindi iliongezwa," yeye husema, "Nani?" Hapo hana budi kwenda sokoni kuuliza ni nani aliyeiongeza, na kwa nini, na ni nani aliyelala njaa kwa ajili hiyo. Mara nyingine jibu lilimchukua siku mbili. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini makala moja huchukua wiki tano. Hakuwa akitafuta maneno mazuri. Alikuwa akiwatafuta watu.

Niliporudi shuleni nilitaka kujua kama kuna wengine waliopita njia hii, nikatafuta katika maktaba yetu. Nilishangaa kuona jinsi walivyo wengi, na jinsi njia zao zilivyotofautiana.

Raymond Chandler, Mmarekani, alikuwa mtu mkubwa katika kampuni ya mafuta huko Los Angeles. Mwaka 1932 alifukuzwa kwa sababu ya ulevi na kutofika kazini, umri wake ukikaribia ule wa mjomba. Akaanza kujifunza uandishi kama mtoto wa shule: alichukua hadithi ya mtu mwingine, akaifupisha, akaiandika upya kwa maneno yake, kisha akalinganisha aone mwenziwe alimshinda wapi. Hadithi yake ya kwanza ilimchukua miezi mitano, ikachapishwa mwaka 1933, akalipwa dola 180. Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilitoka mwaka 1939. Nilipomsomea mjomba habari hiyo alicheka sana, akasema kwamba miezi mitano ni mingi kuliko wiki tano, basi yeye ana mwendo mzuri.

Wengine hawakuacha kazi kamwe. Wallace Stevens, mshairi wa Marekani, alikuwa mwanasheria wa bima katika mji wa Hartford. Mwaka 1934 alifanywa makamu wa rais wa kampuni yake, naye akabaki katika kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1955. Alitunga mashairi yake akienda ofisini kwa miguu. Franz Kafka wa Prague aliingia mwaka 1908 katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi, akakaa humo mpaka mwaka 1922, alipostaafu kwa ajili ya kifua kikuu. Hadithi zake aliziandika usiku. Lakini kilichonishika mimi ni taarifa aliyoiandikia ofisi yake juu ya mashine za kuranda mbao. Mashine hizo zilikuwa na mhimili wa pembe nne, uliokata vidole vya mafundi. Kafka alieleza kwa maneno na kwa picha kwamba mhimili wa mviringo una salama zaidi, akaonyesha mkono uliokatwa vidole ulivyo. Huyu naye alikuwa mtu wa bima kama mjomba, na karatasi ile ilikuwa ya ofisi kama zile za mjomba, illa ndani yake mlikuwa na mikono ya watu.

Na karibu nasi yuko Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake twavisoma darasani. Wengi wetu twamfikiri kama mtu aliyekaa kitako tu akitunga. Kumbe alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote ya kazi. Aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akahamishwa katika ofisi nyingine mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Alikufa mwaka 1962. Kusadikika kilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, mwandishi akiwa bado na saa za kuingia na kutoka kazini. Tena yeye ndiye aliyemtunga Utubora, mtu aliyeacha kazi yenye mshahara mzuri kwa tajiri wake ili arudi kushika jembe. Kitabu hicho, Utubora Mkulima, kilichapishwa mwaka 1968. Shaaban Robert mwenyewe hakuiacha meza. Alimtuma Utubora aiache kwa niaba yake.

Nikiyatazama haya yote, naona kwamba swali tunalojiuliza, kuacha kazi au kutoiacha, si swali la kwanza. Chandler aliachishwa, Stevens alibaki, mjomba aliondoka, na Shaaban Robert alikaa mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwandishi kwa sababu ya kuondoka wala kwa sababu ya kubaki. Mjomba alianza kuwa mwandishi alfajiri ile alipoliandika jina la utingo kwenye daftari, na wakati huo alikuwa bado ana miezi kumi ya mshahara mbele yake. Kuondoka kulimpa saa nyingi zaidi za kuandika, na saa hizo zililipiwa na watu wengi, mmoja wao akiwa ni mimi.

Nilimwambia hivyo mwaka jana, tukiwa Malaba, tukingojea mvua iishe. Sikumwambia kwa hasira, maana hasira ilikuwa imekwisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ni kweli. Liandike hilo. Na la ng'ombe pia, uliandike." Kwa hiyo msidhani ninamsengenya, ninamtii.

Kijitabu chake kilitoka mwisho wa mwaka 2024, nakala 500, kwa fedha zake mwenyewe. Nyingi zimeuzwa kwa madereva na walimu, na nyingine zingali chini ya kitanda zikingoja bahati. Humo mna habari za watu kumi na mmoja wa barabara ile. Kabla ya kuchapisha alimtafuta mjane yule mpaka akampata, akamwomba ruhusa, naye akakubali. Jina la mume wake limo katika ukurasa wa kwanza. Mjane hakupata fidia kwa hilo, wala mjomba hajidai kwamba amemlipa. Mkataba ulikuwa ule ule na ungali ule ule. Lakini sasa ipo karatasi moja ulimwenguni inayosema kwamba mtu yule alikuwapo, alikuwa na jina, na alipenda kukaa upande wa kushoto wa lori ili aone ziwa wanapopita Jinja.

Kwa upande wangu, nimekwisha kujaza fomu za chuo kikuu. Nimechagua uhasibu. Mama alifurahi, na dada yangu mdogo, ambaye bado ana miaka minne ya shule, alifurahi zaidi. Mjomba naye alifurahi, jambo ambalo sikulitazamia. Alisema mhasibu huona ndani ya nyumba za watu kuliko hata padri. Kisha akaniuliza, "Na saa kumi na moja alfajiri utakuwa wapi?" Nikamjibu kwamba nitakuwa mezani na daftari. Tangu muhula uliopita nimeanza, kabla ya kengele ya kuamka, kwa taa ndogo, na msimamizi wa bweni ameniruhusu kutumia chumba cha viatu.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi wa zamani, mlio katika mabenki, viwanda, forodha na maofisi ya kila namna. Gazeti hili hupata toka kwenu barua za salamu na habari za vyeo, nasi twazisoma kwa furaha. Lakini sisi tulio hapa hatujui kazi zenu zikoje ndani. Hatujui karani wa mkopo humwambia nini mtu anayemnyima, wala mkaguzi huona nini ghalani usiku. Tuandikieni. Si lazima muache kitu chochote, wala si lazima mtaje siri za tajiri. Karatasi mbili zatosha, na mhariri hatajali mwandiko. Twaomba jambo moja tu: ndani yake awepo mtu.